Mwenye dawa hayupo

Mhariri, salamu kutoka Moshi. Naomba uniwekee barua yangu kwenye ukurasa wa wasomaji, najua ni ndefu na najua nafasi ni ndogo, ila ukiipunguza naomba sana usiguse sehemu ya kijana wa Tarakea, mgonjwa wangu, maana yeye ndo sababu ya mimi kukaa saa hizi za usiku kuandika.

Kila gazeti likiandika habari za msaada wa dawa za magonjwa makubwa naona picha ya maboksi, wageni wamesimama, mmoja anakabidhi na mwingine anapokea. Nafurahi kweli nikiona hizo picha kwasababu naijua bei ya kilichomo ndani. Ila picha inaishia pale boksi linapopokelewa na kazi yangu mimi inaanzia palepale. Kati ya lile boksi na mdomo wa mgonjwa kuna mtu amesimama katikati, na huyo mtu hakuna anayemuuliza anahitaji nini ili kazi iende.

Mimi ni nesi. Kwenye barua yangu ya ajira nimeandikwa nesi tu, neno mratibu halipo, lakini huu ni mwaka wa sita kazi yangu kubwa ni kufuatilia dawa. Sio dawa za malaria wala za presha, hizo mtu anajua pa kuzipata. Nafuatilia zile ambazo hata uwe na hela mkononi ukazunguka famasi zote kuanzia stendi mpaka Kiborloni unaweza usizione, dawa za kansa ya damu, sindano za kugandisha damu za watoto wenye himofilia, za kansa ya matiti, insulini za watoto wa kisukari, vidonge vya selimundu, yaani sikoseli. Sisi tunaziita dawa bei mbaya na kila moja ina mlango wake. Hii inapita bima lakini mpaka kibali kitoke, hii inatoka Bohari ya Dawa, hii ni msaada wa kampuni iliyoitengeneza, hii ni ya shirika la nje ambalo lenyewe haliongei na mgonjwa linaongea na daktari kwa imeli. Mgonjwa haijui hiyo milango, anayemjua ni mimi, ananiita sista wa dawa basi.

Sasa huyo kijana. Ni fundi pikipiki, ana miaka 24, ana kansa ya damu ile sugu inayokwenda polepole. Zamani mtu akishikwa na ugonjwa huu alikuwa anahesabiwa miaka michache, siku hizi kuna kidonge kinaitwa imatinibu, wengi wanakijua kwa jina la Glivec, anameza kila siku na chakula na glasi kubwa ya maji, na akikimeza vizuri bila kuruka anaweza kuishi miaka mingi karibu sawa na mwenzake asiyeumwa. Yeye alikuwa ameshafika huko, damu imetulia, amerudi gereji, ameanza hata kuongelea kuoa.

Mwaka jana mwezi wa tatu baba yangu mkubwa alifariki kule Same. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikiwa hukohuko msibani nikashikwa na nimonia nikalazwa, siku nne zikawa wiki tatu na zaidi. Simu yangu ilikuwa imezimwa iko kwenye mkoba wa mdogo wangu. Kijana wa watu tarehe yake ikafika, akaamka alfajiri akapanda koasta kutoka Tarakea mpaka Moshi, akaja dirishani akatoa kadi. Akaambiwa mwenye dawa hayupo, rudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata akarudi, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu hakuja, nauli ilikuwa imeisha na kule gereji bosi wake ameshaanza kumlalamikia kwa kukosa kazi kila wiki.

Niliporudi kazini kitu cha kwanza nilifungua kabati. Boksi lake lilikuwepo. Jina lake liko juu kwenye kipande cha plasta nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kutoka lile kabati mpaka dirisha aliposimama ni hatua kama kumi, nimezihesabu. Kilichokosekana ni ruhusa ya kumpa dozi mpya, daktari alikuwa ameshaituma, ila aliituma kwenye simu yangu kwasababu siku zote ndiko anakotuma. Siku 23 bila dawa. Tukampima damu seli nyeupe zimepanda, akaanza upya kufuatiliwa kila wiki kama mgonjwa mpya. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumuomba msamaha lakini alivoingia yeye ndo akaniwahi, akasema pole na msiba sista. Sikuweza kujibu.

Nimefikiria sana nani alaumiwe. Yule nesi wa dirishani simlaumu hata kidogo, dawa ya kansa huwezi kumpa mtu kwa kukisia, angetoa bila ruhusa lingekuwa kosa kubwa kuliko hilo. Daktari naye alituma kama kawaida yetu. Ukitafuta kosa unaliona kwenye hilo neno lenyewe, mwenye dawa hayupo. Dawa ilikuwa na mwenyewe. Dawa iliyovuka bahari, ikalipiwa na watu, ikakaguliwa bandarini, ikapanda gari mpaka chini ya mlima Kilimanjaro, mwishoni inakuja kushikiliwa na afya ya mtu mmoja na chaji ya simu yake. Hapo ndo naona tunakosea na sio hospitali yetu tu, nimeongea na wenzangu wanaofanya kazi kama yangu sehemu nyingine za kanda hii, wote wana simu zao, wote wana madaftari yao, na wote wanaogopa kuumwa.

Hilo daftari niliongelee kidogo. Nilirithi kutoka kwa dada mmoja aliyestaafu, kaunta buku nene la kurasa mia nne, jalada limefungwa kwa plasta ya kidonda, ndani kuna kila kitu alichojifunza yeye kwa miaka yake yote. Ukurasa mmoja ameandika kwa wino mwekundu "fomu hii daktari asaini kwa jina lote, wakikuta herufi za mwanzo tu wanairudisha". Mwingine ameandika jina la kondakta wa basi na pembeni ameandika huyu haweki mzigo kwenye buti. Kuna kurasa nyingine majina yamepigwa mstari na tarehe pembeni, hizo ni za waliofariki. Siku ananikabidhi aliniambia mwanangu hiki kitabu usiazimishe mtu. Nilimwelewa maana yake, alihangaika kukipata hakutaka kipotee, lakini leo naona ilitakiwa iwe kinyume, ilitakiwa kikopiwe mara kumi kisambazwe.

Kwasababu mambo yaliyomo humo hayafundishwi chuoni. Chukua hiyo kansa ya damu. Kwanza mgonjwa lazima athibitishwe kwa kipimo cha vinasaba, bila jibu la kile kipimo hakuna mpango wowote utakaompokea, na watu wengi hawajui kwamba mashine ya jinekspati inayopima kifua kikuu inaweza kufanya hicho kipimo ikiwekewa katriji yake. Dawa yenyewe iliidhinishwa Marekani mwezi wa tano 2001 na muda si mrefu baadaye kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuitoa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo kwenye nchi nyingi, mpango ukisimamiwa na Max Foundation ya kule Seattle, na kwa hapa kwetu kwa miaka mingi wagonjwa wa kaskazini walikuwa wanaifuata Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwenda na nyingine 500 kurudi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na trastuzumabu ya kansa ya matiti. Kwahiyo kwenye karatasi njia ipo. Ila mtu wa kumshika mkono mgonjwa akapita hiyo njia anatakiwa ajue kipimo kinafanyika wapi, nani anasajili, karatasi gani mgonjwa asaini, kila baada ya muda gani daktari athibitishe kwamba mgonjwa yupo hai na bado anatumia, na oda iagizwe lini ili isije ikaisha katikati. Ukikosea kimoja mgonjwa anakaa miezi. Mimi hayo niliyajua kwa kukosea, na kila kosa langu kuna mtu alilipia kwa mwili wake.

Himofilia ndo usiseme. Hawa ni watoto wa kiume karibu wote, wengi ugonjwa wanaupata kupitia kwa mama, damu yao haigandi kwasababu inakosa kitu kinaitwa fakta, namba nane au namba tisa, na ukichanganya hizo namba umempa sindano isiyomsaidia. Huku kwetu wengi wanagundulika kwenye tohara. Mwezi wa kumi na mbili watu wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, watoto wanatahiriwa, alafu usiku simu inaita, mtoto anatoka damu tangu asubuhi na babu anasema ni mkono wa mtu. Shirikisho la Himofilia Duniani, makao yake Montreal, tangu 1996 lina mpango wa kutoa hizo dawa kwa nchi kama zetu, na ni msaada mkubwa mno, naushukuru kila siku. Lakini nyingi zinataka kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, hata siku ile umeme umekatika Moshi nzima.

Nimeshapokea hizo sindano stendi saa nne usiku. Zilikuwa kwenye kontena la baridi dogo la bluu, ndani kuna barafu mbili zimezungushiwa gazeti ili zisigusane na chupa, maana dawa hizi joto linaziharibu na kuganda nako kunaziharibu, watu wengi wanadhani ubaridi ukizidi ndo vizuri zaidi. Siku hiyo kontena lilikuwa limewekwa kwenye buti karibu na injini. Nikafungua palepale chini ya taa ya kibanda cha tiketi, barafu imeshakuwa maji na gazeti limelowa linachanika. Nilisimama pale sijui nifanye nini. Hamna kipimajoto cha kurekodi ndani, hamna namba ya mtu wa kumpigia saa hiyo aniambie hizi bado zinafaa au nizitenge, na nina mtoto wa miaka saba wodini goti limevimba kama papai. Nilizitenga, tukamtafutia nyingine kesho yake, huo usiku mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mpaka leo sijui kama nilizitupa zikiwa nzima. Kipimajoto kidogo tu cha kukaa ndani ya kontena kingeniambia.

Watoto wa kisukari afadhali, kuna mpango ulioanza 2009 wa kampuni ya Novo Nordisk unaowapa insulini bure kupitia kliniki, na umefundisha manesi, una rejista, una vifaa vya kupimia sukari. Ukiuangalia huo unaona tofauti ya msaada uliokuja na dawa tupu na msaada uliokuja na mtu aliyefundishwa. Shida yetu huko inabaki majumbani, mama hana friji, anatunza chupa kwenye chungu chenye maji, na kwa kweli wakifundishwa vizuri chungu kinasaidia sana.

Selimundu sitaisema sana ingawa wagonjwa ni wengi, vidonge vya haidroksiyurea siku hizi vinapatikana kuliko zamani, shida ni kuwafuatilia wapime damu mara kwa mara.

Alafu kuna bima. Hapa naomba niongee taratibu maana ndo panapowaumiza hata watu wenye kadi. Mtu anaamini akiwa na kadi mambo yamekwisha, anakuja kliniki dokta anamuandikia dawa ya kansa, dirishani anaambiwa hii mpaka kibali. Kibali kinataka ripoti ya kipimo, kinataka maelezo ya dokta, kinataka dozi iandikwe kwa uzito wa mgonjwa, kitu kimoja kikikosekana kinarudi, na kurudi kwake hakuna anayempigia mgonjwa kumwambia kimerudi. Anajua siku akija. Kuna meku, yaani mzee, mmoja wa Machame alikaa kwenye benchi letu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana, ameshika kadi mkononi hajaiweka mfukoni hata mara moja, nilipomwambia kibali kimerudi kwasababu ya muhuri akaniuliza mwanangu kwani muhuri uko mbali. Ulikuwa ghorofa ya juu. Nilipanda nikaugonga mwenyewe, nikatuma tena, wakajibu kesho yake. Angekuwepo mtu mmoja wa kupitia fomu zote jioni kabla hazijatumwa, yule mzee asingekaa pale. Na wasio na kadi kabisa wanapita ustawi wa jamii kuomba msamaha, sasa msamaha unafuta gharama za ndani ya hospitali, ila dawa yenyewe kama hospitali haina msamaha haukuletei. Watu wanachanganya, wanahangaika kutafuta barua ya mtendaji wa kijiji wiki nzima alafu wanagundua barua haikuwa tatizo. Ningekuwa na karatasi moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, inayosema ugonjwa huu mlango wake ni huu na uje na hivi, ningeibandika mlangoni na kuwapa watu nauli zao kwenye mifuko yao.

Kuna mtu ataniambia dada unaota, hospitali zina shida kubwa kuliko hizo. Mimi nawakumbusha ARV. Huduma ya dawa za kupunguza makali ilianza nchini kwa mpango wa taifa mwaka 2004 na wakati ule nazo zilionekana ni dawa za ajabu, za bei mbaya, haziwezekani. Leo nenda kliniki yoyote ya CTC, ile ya huduma na tiba kwa wanaoishi na virusi, uangalie. Mgonjwa ana kadi yake ya CTC1, kliniki inabaki na CTC2, kuna rejista, kuna watu wanaoishi na virusi wenyewe waliofundishwa kufuatilia wenzao waliopotea, nesi akienda likizo dawa hazisimami, mtu akihama Rombo kwenda Arusha anahama na barua yake na anapokelewa. Hutasikia mtu wa ARV anaambiwa mwenye dawa hayupo. Au panda Siha uende Kibong'oto, hospitali ya tangu enzi za mkoloni, wameanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, dawa ngumu, dozi ndefu, na mgonjwa anarudi nyumbani akiwa anajulikana kituo gani cha karibu kitamsimamia na nani. Kwahiyo tunajua kufanya, tulishafanya, na sehemu moja tumeifanyia hapahapa Kilimanjaro. Hawa wa kansa na himofilia ni wachache ndo maana hawaonekani, lakini uchache wao ungetakiwa urahisishe kazi.

Wenzetu Marekani kazi hii ina jina lake na mtu anaajiriwa kwa hiyo tu, kukaa na mgonjwa wa dawa ghali, kushughulika na bima, kutafuta mfuko wa kumchangia pale bima inapoishia. Wana sehemu za kutafuta, kuna NeedyMeds tangu 1997 inakusanya mipango ya misaada ya dawa pamoja mtu atafute kwa jina la dawa, kuna NORD ya magonjwa adimu tangu 1983. Na wao wanalia, tena sana, maana bei za kule na bima zao ni msitu, sisemi tuige kila kitu. Ninachokitamani kutoka kwao ni hicho kimoja, kwamba mratibu mgeni akianza kazi Jumatatu hakuti meza tupu na simu ya mtu aliyeondoka.

Ninachoomba basi. Laini ya simu ya hospitali, sio yangu, ikae ofisini, iwe na vocha na bando, meseji zote za dawa ziingie humo na zaidi ya mtu mmoja ajue kuifungua. Kwa sasa wagonjwa wananibipu na mimi nawapigia kwa hela yangu, mwezi mwingine inafika elfu ishirini, sijawahi kuidai kwasababu hakuna fomu ya kuidai. Mtu wa pili, hata kama ni nusu siku kwa wiki, afundishwe kila nilichonacho. Daftari likopiwe, likaguliwe na mfamasia na madaktari maana kuna mambo humo yameshapitwa na wakati, kisha liwekwe kwenye faili ambalo kila kliniki ya kanda inaweza kulisoma na kulirekebisha. Na sisi waratibu wa Moshi na Arusha tukutane japo mara mbili kwa mwaka, manake mimi naweza nina chupa za fakta zinazokaribia kuisha muda na mwenzangu kilomita 80 kutoka hapa anazitafuta, hatujui. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja, mwaka unaisha haraka sana ndani ya friji ambayo hakuna anayejua kilichomo.

Wafadhili nao nawaambia kwa heshima yote. Mkileta dawa leteni na sehemu ndogo ya bajeti kwa ajili ya mtu atakayezifikisha. Boksi moja la hizo dawa linazidi mshahara wangu wa miezi kadhaa, hilo halinisumbui, linalonisumbua ni kuona boksi hilohilo linaharibika kwa kukosa kipimajoto na vocha.

Na kuna jambo huwa hatulisemi. Sisi ndo tunaomwambia mama kwamba dawa imechelewa. Dokta anaandika, anaendelea na mgonjwa mwingine, sisi tunabaki na yule mama koridoni ameshika mtoto, anakuangalia usoni kuona kama kuna kitu umemficha. Nimewahi kumaliza zamu nikakaa kwenye daladala mpaka mwisho wa ruti, konda akanigusa bega akaniuliza mama unashuka wapi. Hakuna mtu wa kuongea naye, tunaongea sisi kwa sisi Watsap usiku. Hospitali ikiweka hata saa moja kwa mwezi tukae na mtu wa ushauri nasaha, itakuwa imetutunza na itakuwa imewatunza wagonjwa pia kwasababu mratibu aliyechoka anasahau tarehe.

Nimeshaanza na ninachoweza. Jumamosi mbili zilizopita nimekuwa nanakili daftari kwenye karatasi safi, nimemaliza kansa ya damu, niko himofilia. Mwezi wa sita ni likizo yangu niliyoiahirisha mara mbili, naenda Same kwa ajili ya kaburi la baba mkubwa. Tarehe ya kijana wa Tarakea inaangukia humohumo, tarehe 11. Jana nimempeleka mwenzangu wa zamu kabatini nikamuonyesha boksi, nikamuonyesha ukurasa wake, nikamwambia amuulize kama amekula na ampe glasi kubwa ya maji, akayaandika yote kwa mkono wake mwenyewe. Imebaki ruhusa ya dozi. Hiyo bado itatumwa kwenye simu yangu, nitatembea nayo mkononi huko Same, na namuomba Mungu siku hiyo mtandao uwepo.

Nesi, Moshi
Jina langu nimemwachia mhariri